Fungu la Makapi

Kila Alhamisi, saa moja kasoro dakika tano za jioni, baba yangu aliwasha redio zote kwa mpigo.

Hazikuwa zake. Zilikuwa redio za watu: ya mwalimu mkuu, ya mlinzi wa ghala, ya mkunga, na moja kubwa ya mbao ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua tangu mimi sijazaliwa. Baba alikuwa fundi redio. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, lenye meza ndefu iliyojaa alama za chuma cha kulehemu, rafu tatu, na mlango wa mbao uliolia kila ulipofunguliwa. Alisema redio iliyopona haiaminiki mpaka ijaribiwe, na hakuna kipimo kama mchezo wa Alhamisi. Basi sauti moja ilitoka katika vinywa kumi na kimoja, vingine vikikoroma, vingine vikisemea puani, na wapita njia wakasimama. Waliochoka kusimama waliingia. Benchi la mbele lilikuwa la wageni. La nyuma, lililoegemea ukuta, lilikuwa la mama, na nafasi iliyobaki ilikuwa yangu.

Kama nilikuwa chumbani nacheza, baba aligonga ukuta mara mbili kwa mpini wa bisibisi. Ko, ko. Maana yake: njoo, wanaanza. Nilitoka mbio hata kiatu kimoja kikabaki nyuma.

Ndugu zangu mnaosoma, nawaeleza haya kwanza ili mjue tulianzia wapi. Haikuwa nyumba ya watu wasiosikilizana.

Mchezo wenyewe uliitwa Wapangaji wa Ua Mmoja. Ulihusu mama mmoja mwenye nyumba ya kupangisha, aliyeitwa Bi Funguo kwa sababu alitembea na funguo zote kiunoni, na mdogo wake wa kike, ambaye Bi Funguo alimfukuza kwa neno moja la hasira. Miaka minne tulingoja wapatane. Katika sehemu ya mwisho yule mdogo alirudi, akabisha hodi. Jioni hiyo umeme ulikatika karibu kila mahali, na wasikilizaji wengi hawakupata kujua kama Bi Funguo alifungua mlango. Baadaye kituo kilihama jengo na kanda zake zikapotea. Lakini baba alikuwa na betri, akairekodi sehemu ile kwa redio kaseti yake. Mimi nilikuwa na miaka minane, na nilisinzia mapajani mwa mama kabla ya hodi.

Asubuhi nililia machozi ya kweli.

"Baba, alifungua?"

"Sikwambii. Iko kwenye kanda. Siku moja tutakaa, nikuchezee, usikie kwa masikio yako. Ya kusimuliwa haina utamu."

"Mwambie mtoto wa watu, acha kumtesa," mama akasema.

"Mtoto wa watu gani? Huyu wangu, namtesa nitakavyo."

Mama alifariki nikiwa kidato cha pili. Kanda ile ilikuwa na kicheko chake, maana alicheka wakati baba akirekodi. Baba aliitia ndani ya kopo la biskuti, akalipandisha juu ya kabati, na hapana aliyelitaja tena.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Miaka mingi baadaye, ndoa yangu ilipovunjika, nilirudi kukaa na baba. Nilipata kazi katika duka la kuchapa na kutoa nakala, mitaa minne kutoka nyumbani. Siku moja wateja hawakuja, nikaandika jina la ule mchezo wa zamani kwenye kompyuta, nione tu kama kuna anayeukumbuka. Nikakuta watu zaidi ya elfu moja. Walikuwa na wiki yao mtandaoni, yaani kurasa ambazo kila mwanachama anaweza kuziandika na kuzirekebisha, na wenyewe waliiita Uani. Kulikuwa na ukurasa wa kila mhusika, na chini yake uwanja wa mijadala. Nilisoma mpaka bosi wangu akaniuliza kama kuna msiba.

Nilijiunga kwa jina la Binti Fundi.

Mijadala ilikuwa fujo tupu. Mtu anauliza habari za mpangaji wa chumba cha tatu, mwingine anamjibu kuhusu wimbo wa kufungulia, wa tatu anatafuta rafiki aliyesoma naye. Nikajitolea kupanga. Nilianza na mafungu matano: Wahusika, Matukio, Sauti, Waigizaji, Mengineyo. Watu wakanishukuru sana. Kushukuriwa ni kitu kitamu, ndugu zangu, hasa kwa mtu ambaye ameshaachwa. Nikagawa Wahusika kuwa Wapangaji, Wageni na Majirani. Mengineyo lilipojaa nikalipasua mara tatu. Kabla ya mwaka kwisha mafungu yalikuwa arobaini na matatu, na mimi nilikuwa msimamizi mkuu.

Msinielewe vibaya. Kupanga si kosa. Hata baba alipanga skrubu zake kwa urefu. Lakini baba alipanga skrubu ili atengeneze redio. Mimi nilipanga ili nipange.

Msimamizi mwenzangu aliitwa Karani. Tuligombana naye siku kumi na tisa juu ya mlio wa mlango wa Bi Funguo: je, mlio ule ukae fungu la Sauti, au fungu la Matukio? Yeye alisema mlango ukilia kuna jambo limetokea. Mimi nikamwambia sauti ni sauti. Niliandika hoja kurasa sita. Nilipokuwa kwenye ukurasa wa tano baba aliingia chumbani kwangu na kikombe cha chai.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana, baba. Nafanya kazi."

"Kazi hii wanakulipa?"

"Si kila kitu ni malipo."

"Kweli," akasema. "Ndiyo maana nimekuletea chai bure."

Akangoja nicheke. Nilikuja kuuona utani ule siku tatu baadaye, nikiwa njiani naenda kazini.

Nikaweka na kanuni. Mjadala ambao kichwa chake hakitaji mada, au ambao haukuchaguliwa fungu, ukipita siku tatu unahamishiwa fungu la Makapi. Kanuni ilinirahisishia kazi. Sikuhitaji tena kufungua mjadala. Nilisoma kichwa, nikaamua, nikahamisha. Kwa saa moja niliweza kuhamisha mijadala sitini. Nilikuwa sisomi tena.

Mwaka huo baba alikwenda hospitali kwa sababu ya kuvimba miguu. Daktari alisema moyo umechoka, apumzike, asibebe vitu vizito. Alipotoka huko aliteremsha lile kopo la biskuti. Nilimkuta ameliweka katikati ya meza, redio kaseti iko wazi mbele yake, na kidoleni amening'iniza kitu cheusi kilichokatika.

"Huu ni mkanda wa mpira unaozungusha kanda," akasema. "Umezeeka, umekuwa kama lami. Nataka tuisikilize ile sehemu ya mwisho, mimi na wewe. Nataka kumsikia mama yako."

"Leo?"

"Leo haichezi. Wewe unapita karibu na yule muuza vipuri. Mwonyeshe huu, atakupa wa kulingana nao. Daktari ameniambia maneno mengi, mwanangu, lakini nilichokielewa ni kwamba nisiahirishe mambo."

Alitia kile kipande ndani ya bahasha ndogo, akanipa mkononi. Nikaitia kwenye mkoba.

Duka la vipuri liko mkono wa kushoto unapotoka kazini kwetu. Hatua themanini; baadaye nilizihesabu. Lakini saa ya kutoka ndiyo saa ambayo wanachama wengi huingia Uani, nami nilitaka kuwahi nyumbani kabla mijadala haijarundikana.

"Umepata?" baba aliuliza siku ya kwanza.

"Kesho, baba."

Ya pili: "Kesho."

Juma la pili akaacha kuuliza. Akaanza kunitazama mkoba.

Jirani yetu mshonaji, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Cherehani, alinisimamisha asubuhi moja mlangoni kwake. Mdomoni alikuwa na pini tatu, na kuongea na pini mdomoni hakujawahi kumpunguzia maneno.

"Wewe, mzee wako siku hizi ana simu."

"Ile yangu ya zamani. Nilimpa."

"Unajua anaandika nini humo?"

"Anacheza tu, Mama Cherehani."

Akatoa zile pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. "Anacheza," akasema. "Haya. Mwenye macho haambiwi tazama."

Nikapita. Nilikuwa nimechelewa, na mkononi nilikuwa na mijadala kumi na minne isiyo na fungu.

Wakati huo kule Uani alikuwapo mwanachama aliyenichosha sana. Alijiita Benchi la Nyuma. Hakujua kujibu chini ya mjadala wa mtu, kila alichotaka kusema alikianzishia mjadala mpya. Vichwa vyake vilikuwa hivi: "Habari za jioni." "Swali." "Tena mimi." "Mvua." Hakuchagua fungu hata mara moja. Nilivihamisha vyote Makapi bila kuvifungua, na nilimwekea onyo: "Salamu si mada."

Benchi la Nyuma, ndugu zangu, alikuwa baba yangu. Alikuwa ameketi upande wa pili wa ukuta wa chumba changu, kwenye benchi lile lile, ananiandikia kwa kidole kimoja. Mama Cherehani ndiye aliyemfundisha. Alinijua tangu siku ya kwanza, maana Binti Fundi ni nani kama si mimi? Aliona kwamba huko ndiko ninakopatikana, akanifuata.

Mtaniuliza: jina lile halikukushtua? Halikunishtua. Lilikuwa jina lisilo na fungu.

Basi yakatokea mambo ambayo sikuyaona. Waliotupwa Makapi walikutana huko. Mwalimu mmoja mstaafu ambaye naye alisahau kuchagua fungu, dereva wa lori aliyeandika akiwa amepaki kando ya barabara, Mama Cherehani aliyejiita Sindano, na wengine, jumla yao kumi na wawili. Kila jioni walikuwa wakijuliana hali. Wakawa wanakumbuka mchezo kwa namna yao: nani alisikilizia wapi, alikuwa amekaa na nani, na huyo aliyekaa naye yuko wapi leo. Katika mafungu yangu arobaini na matatu hapakuwa na mahali pa kuandika hayo.

Siku moja nilitazama hesabu za Uani nikaona kuwa Makapi limeyashinda mafungu yote kwa wasomaji. Niliona aibu, kama mwenye nyumba anayekuta wageni wote wamekaa jikoni. Nikalifunga. Yaliyomo yakabaki yanasomeka, lakini hakuna aliyeweza kuandika tena.

Jioni ile baba alikuja kusimama mlangoni pangu.

"Mwanangu, nikuulize. Wakikufungia mahali ulipozoea kukaa, unabisha wapi?"

Sikuinua macho. "Wapi huko, baba?"

"Popote tu."

"Andika ombi kwa msimamizi."

"Na msimamizi husoma?"

"Ndiyo kazi yake."

"Haya," akasema, akaondoka akiburuta miguu yake iliyovimba.

Akaandika. Baada ya siku mbili nilikuta ombi lenye kichwa "Ombi." Nilimjibu kwa jibu nililokuwa nimeliandaa kwa watu wote: "Ombi lako halikutaja fungu. Tafadhali soma mwongozo." Punde likaja neno lake: "Ahsante, mwanangu." Nakumbuka nilikereka. Nilijiuliza, huyu ananiita mwanawe kwa undugu gani?

Yalipita majuma mawili. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na nusu mchana. Nilikuwa chumbani nalihamisha fungu la Majirani kuliweka chini ya Wageni. Ukuta ukagongwa mara mbili. Ko, ko.

"Nakuja, baba!"

Nilibakiwa na mijadala ishirini tu.

Nilipotoka ilikuwa saa kumi na dakika kumi. Baba alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma, kichwa kimeegemea ukuta, bisibisi imelala sakafuni. Mezani kulikuwa na vikombe viwili vya chai. Vyote vilikuwa vimepoa.

Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, na huenda hata ningekuwapo nisingeweza kufanya lolote. Alisema huenda. Mimi sijui kama aligonga kuomba msaada, au aliniita tu kunywa chai. Nimeligeuza neno hilo kila upande na sijui.

Siku ya pili baada ya maziko walikuja watu watatu nisiowajua. Mwanamke mmoja mzee mwenye miwani minene, mwanamume mmoja mnene mwenye kofia mkononi, na mwingine mwembamba aliyebaki nyuma. Mama Cherehani aliwapokea kama ndugu. Yule mama mwenye miwani akanishika mikono yote miwili.

"Tumekuja kumlilia Benchi la Nyuma," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwomba arudie.

"Baba yako, mwanangu. Mimi ndiye mwalimu wa kule Makapi. Huyu ni dereva. Sindano ndiye aliyetuarifu." Alitazama chumba, rafu, meza, mabenchi mawili, kama mtu anayekagua alichoahidiwa. "Yote yako kama alivyoeleza. Redio kubwa ya mbao ni ile pale? Ile ambayo mwenyewe hajarudi?"

"Bado hajarudi," nikasema.

Yule mwembamba akasogea. "Mimi ni Karani," akasema kwa sauti ndogo. Huyu ndiye niliyegombana naye siku kumi na tisa! "Nilikuwa nasoma Makapi kila siku. Niliona haya kukwambia. Ulipolifunga, nilitaka kukuandikia, nikaogopa hoja za kurasa sita."

Dereva akacheka, akajiziba mdomo. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pia, halafu kicheko kikageuka kilio.

Walipokwenda kulala kwa Mama Cherehani, nilifungua simu yangu, nikaingia Makapi, nikaanza kusoma. Safari hii nilifungua kila mjadala.

"Habari za jioni. Mimi ni fundi wa zamani. Binti Fundi, hujambo? Leo nimekula vizuri. Ni hayo tu."

"Swali. Nani anakumbuka harufu ya redio ikipata moto? Mke wangu alisema inanukia kama shati likipigwa pasi. Tangu afariki nikinusa hivyo huwa nageuka."

"Tena mimi. Mtu akitaka kuongea na msimamizi aanzie fungu gani? Nimeyasoma yote arobaini na matatu. Yamepangwa vizuri sana. Huyu msimamizi ana akili. Alikuwa akinishikia taa nikitengeneza redio, hana hata miaka saba."

"Mvua. Hapa kwetu imenyesha. Kwenu je?"

Na ombi lenyewe, ambalo nililijibu bila kulifungua: "Naomba mtufungulie. Tuko kumi na wawili, hatupigi kelele. Nilikuwa sijamaliza kuwaeleza habari za kanda ya mwisho. Nangoja mkanda wa mpira, binti yangu ataniletea. Ana kazi nyingi lakini hajawahi kuvunja ahadi."

Niliufungua mkoba. Bahasha ilikuwa imekunjamana chini kabisa, na kile kipande cheusi kilikuwa kimeyeyuka kikagandana na karatasi.

Kesho yake nilikwenda kwa muuza vipuri. Alikitazama kile kipande, akaingiza mkono kwenye droo, akatoa mkanda mpya. Haikuchukua muda hata wa kuvuta kiti.

Niliutia mwenyewe. Baba alinifundisha nikiwa mdogo: usiuvute, uzungushe taratibu, uache ujikalishe. Mama Cherehani alinishikia taa ingawa ilikuwa saa nane mchana na jua linaingia mlangoni. Mwalimu, dereva na Karani walikaa benchi la mbele, kwa kuwa ni wageni. Mimi nilikaa la nyuma. Nikabonyeza.

Kwanza kilitoka kishindo cha kitufe cha redio, kisha sauti ya baba, kijana, karibu sana: "Kaa kimya sasa, inarekodi." Mama akasema, "Mwenye kelele nani?" Kisha mchezo. Mvua ya redio, hatua za yule mdogo, na hodi. Mara moja. Mara mbili. Mwalimu alikuwa ameshika mkono wa dereva. Miaka karibu thelathini watu elfu moja walikuwa wakiusubiri wakati huu. Bi Funguo akavuta pumzi aseme, na hapo hapo mama yangu akacheka.

Alicheka kwa nguvu, kicheko chake chote. Baba akasema, "Shii! Mtoto amelala." Mama akajibu huku bado anacheka, "Mtazame alivyofungua mdomo, kama anataka kuimeza redio." "Mfunike," baba akasema. "Kesho atanisumbua huyu." Chini ya maneno hayo mlango ukalia, na muziki wa mwisho ukaanza.

Kanda ikafika mwisho, ikakatika tik.

"Sasa alifungua?" dereva akauliza taratibu. "Mlango umelia."

"Unaweza kuwa mlango wa mchezo," Karani akasema, "na unaweza kuwa..." Akageuka kuutazama mlango wa duka letu. Mama Cherehani alinyanyuka, akausukuma kidogo. Ukalia vile vile.

Karani alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga.

"Kaka Karani," nikamwambia, "sema tu. Sauti au Matukio?"

"Dada," akasema, "mimi sijui tena."

Jioni hiyo nililifungua Makapi. Kisha nikaiweka ile kanda Uani, watu wote waisikie. Mashine iliniuliza kichwa cha mjadala, nikaandika "Habari za jioni." Ikaniuliza fungu. Nikapaacha wazi.

Siku tatu zikapita, na kwa kanuni yangu mwenyewe ilipasa uhamishwe. Hakuna msimamizi aliyeugusa. Jibu la kwanza lilitoka kwa mtu nisiyemjua, aliandika: "Hatujambo. Na nyie hapo nyumbani?"

FUNZO

Ndugu zangu, sisemi mtupe simu, wala sisemi kupenda jambo na kulipanga vizuri ni dhambi. Uani ilinipa watu, na watu haohao ndio walionishika mkono siku ya msiba. Ninachosema ni hiki: mtu si kichwa cha mjadala. Wazee wetu mara nyingi hawaji na mada. Wanakuja na habari za jioni, na mvua, na kikombe cha chai, na sisi tunawahamishia pembeni kwa sababu hawakutaja wanachotaka. Wanachotaka ni sisi.

Kama kuna bahasha kwenye mkoba wako, itoe leo. Duka liko hatua themanini. Na ukisikia ukuta umegongwa mara mbili usijibu "nakuja" ukiwa umekaa. Toka mbio, hata kiatu kimoja kibaki nyuma.